Karatasi ya hitima ya Babu isichapwe ilivyo

Leicester, Uingereza

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Wasiwasi wetu ni juu yako na goti lako. Baridi ipo, lakini tumeizoea. Kazini nimepandishwa cheo: karakana ya mabasi zamu ya usiku sasa iko chini yangu, mafundi kumi na mmoja, Wazungu wamo. Umpe habari hizo Shangazi, maana ndiye aliyesema kushika spana si kazi ya mtu aliyesoma.

Karatasi aliyoandika Ami kwa ajili ya hitima nimeipata na nimeisoma yote. Pesa za hitima nitaleta, hilo halina mjadala. Lakini karatasi isichapwe ilivyo. Vita Kuu ya Pili vimepewa kurasa tatu, duka lake la kutengeneza baiskeli limepewa mstari mmoja: "Pia alikuwa na biashara ndogo." Biashara ndogo! Hiyo ndiyo iliyomvalisha Ami sare ya shule, ikamnunulia na ile suti aliyoolea.

Nianze na vita, ndiko makosa yalikojaa.

Babu hakuwamo ndani ya meli ya Khedive Ismail kama alivyoandika Ami, wala hakuogelea popote. Meli hiyo iliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 pamoja na meli nyingine nne za askari, zikielekea Colombo. Tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Kijapani upande wa Maldives, ikazama kwa muda usiofika hata dakika mbili. Walikufa watu karibu 1,300, wengi wao wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na wauguzi wamo. Waliookolewa ni mia mbili na kidogo. Babu alikuwa katika moja ya zile nne, akaona kwa macho yake, kisha meli yao ikatawanyika na wenzake kukimbia nyambizi. Ndiyo maana alikuwa hapendi kuulizwa habari ya meli. Pale msikitini watakaa watu ambao wazee wao hawakurudi kutoka Khedive Ismail, na majina yao yamechongwa kwenye ukumbusho wa makaburi ya vita Nairobi. Tusimpe Babu kifo alichokikwepa kwa kupangiwa meli nyingine, tukakiita ushujaa.

Pale panaposema Babu alionana na Idi Amin vitani Burma, paondolewe. Amin aliingia KAR, lile jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, mwaka 1946, Burma kumekwisha kunyamaza. Hao hawakuonana huko, na hata lau wangalionana sioni sifa gani tunaipata.

Picha ya jalada pia ibadilishwe. Sanamu ya askari pale Jomo Kenyatta Avenue ni ya vita vya kwanza, vya 1914 hadi 1918, wakati Babu hajazaliwa. Tieni ile picha aliyopigwa Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Ukiitazama vizuri begani utaona kichwa cha kifaru, yule mnyama. Hiyo ndiyo alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na inatosha kumweleza kila mwenye kujua.

Habari ya kweli ni hii. Divisheni hiyo iliingia Burma katikati ya 1944, ikateremka bonde la Kabaw mvua za huko zikiwa zimepamba moto. Barabara ilikuwa tope tupu. Malaria na ile homa inayoletwa na utitiri wa vichakani viliwalaza watu wengi mno, na vidonge vya mepakrini vya kuzuia malaria walivyomezeshwa kila siku viliwageuza ngozi rangi ya manjano. Mwanzoni mwa Desemba wakaishika Kalewa, kwenye mto Chindwin, na hapo likatandazwa daraja la Bailey, la vipande vya chuma vya kuunganishwa, linaloelea, futi 1,154, kama mita 350. Ami ameandika Babu ndiye aliyelijenga. Walilijenga wahandisi. Babu alikuwa msaidizi wa fundi wa malori, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha lori linafika darajani likiwa bado linazunguka magurudumu: kufungua habu, yaani kitovu cha gurudumu, iliyoingia tope, kuosha beringi kwa mafuta ya taa, kupakia grisi mpya, kufunga, na kuanza lori la pili. Ufundi huo ndio aliorudi nao.

Maana pesa hakurudi nazo. Nashangaa Ami anaandika kwamba Mwingereza alimpa Babu mtaji. Kiinua mgongo cha askari wale kilipimwa kwa cheo na kwa rangi ya mtu, na askari Mwafrika alipata sehemu tu ya alichopata Mzungu wa cheo kilekile. Mtaji wa duka ulitoka bandarini, kwa kubeba magunia, na aliposimama kwenye mgomo wa Januari 1947 alikuwa anadai mshahara kama wengine wote. Hilo Ami hakuliandika hata kidogo. Sijui analionea haya nini.

Medali. Nimesikia zimetolewa sandukuni kuonyeshwa mnunuzi. Zirudi. Ziko nne: nyota mbili za shaba, yaani ya 1939–45 na ya Burma, na mbili za duara rangi ya fedha. Bei yake hata huku ni ndogo, kwa sababu zilitolewa kwa maelfu, na hazikuchongwa jina. Kinachozifanya kuwa za Babu ni kile cheti chake cha kuachishwa jeshi, basi viwekwe pamoja. Msizisugue kwa dawa ya kung'arishia shaba, inakula maandishi. Msizifunge kwenye nailoni, hewa yetu ya chumvi ikifungiwa humo ndani inatoa kutu ya kijani. Kitambaa cha pamba kikavu, kisha kabatini juu, basi.

Sasa duka, ambalo ningependa lipewe angalau ukurasa mzima.

Andikeni kwamba Majengo nzima ilijua gurudumu lililosukwa na Babu. Baiskeli zile za Kiingereza zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu mzigo wote, mkate, maziwa au mtu wa pili, unakaa nyuma. Mafundi wengine walikuwa wakikosa rimu ya tundu 40 wanatia yoyote iliyopo, na baada ya miezi michache spoki zinakatika moja moja upande wa mnyororo. Babu alikuwa radhi kumrudisha mteja nyumbani kuliko kumtilia rimu isiyo yake. Kila uzi wa spoki aliutia mafuta kabla ya kuufunga, kwa kuwa kutu ya Mombasa huanzia pale spoki inapoingia kwenye nipeli, ile nati ndogo ya kwenye rimu, na ikishashika, ukitaka kunyoosha rimu unaikata spoki badala ya kuikaza.

Andikeni habari ya kota pini, zile zinazoshika mikono ya pedeli. Ya kulia na ya kushoto huingizwa kwa kuelekeana kinyume. Ukiziingiza upande mmoja, pedeli hazikai kwenye mstari na mwendeshaji anachechemea juu ya baiskeli. Wakati wa kuigonga, Babu aliweka kipande cha bomba chini ya mkono wa pedeli, kikasimama hadi sakafuni. Bila hivyo, nyundo inapiga gololi zilizo ndani na kuchimba bakuli la chuma linalozishika, na mteja anarudi wiki ijayo kulalamika juu ya mlio ambao fundi mwenyewe ameutia.

Na kiraka, jambo ambalo kila mtu anadhani analijua. Msasa kwanza, solusheni nyembamba, kisha unangoja mpaka kidole hakinati. Wenye haraka hubandika ingali mbichi na jua la saa saba linakibandua. Tena kabla ya kurudisha tyubu, kidole kipite ndani ya tairi lote, maana mwiba uleule bado umo.

Ndiyo maana sikubali vile vifaa vipimwe kwa kilo kama chuma chakavu. Mikebe ile mitatu ya gololi isichanganywe: 3/16 ya inchi ni za habu ya mbele, kumi kila upande, 1/4 ni za habu ya nyuma, tisa kila upande, na za ekseli inayobeba mikono ya pedeli, kumi na moja kila upande, 5/32 ni za usukani. Gololi moja kubwa ikiingia kati ya ndogo, inabeba uzito wote peke yake na kuharibu bakuli. Vyote, pamoja na kile chuma cha kunyooshea rimu, apewe yule kijana wa Kisauni aliyefanya naye kazi hadi mwisho. Anavijua, na wateja wangali wanamfuata. Kama Ami anataka chumba cha duka kwa M-Pesa, mlango ni mpana. Meza moja ya M-Pesa na fundi mmoja barazani hawagombani. Lakini pesa za kuvunja ukuta hazitoki kwangu, mwambie hivyo kwa adabu, asije akasema nimemkosea heshima.

Pesa ya hitima nitaileta Ijumaa kwa simu yako, si kwa simu ya Ami. Itatosha mchele kilo ishirini, nyama ya mbuzi na kahawa. Halua ichukuliwe palepale tunapochukua siku zote, kwingine wanazidisha sukari. Natamani mno kuwapo. Msimu huu wa kaskazi hata harufu ya bahari naiota.

Nipigie picha nyuma ya ile picha ya Ceylon, pana mwandiko wake wa penseli, nitie tarehe sahihi kabla karatasi haijaenda kwa mchapaji. Nisalimie Shangazi, Mama Mdogo na watoto wote. Na Ami pia.

Wako mtiifu,
Mwanao