Risala ya Mafundi Chuma wa Lamu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Karakana

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wetu, masheikh, manahodha, wazazi na mafundi wenzetu, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Karibu karakanani. Utuwie radhi kwa harufu ya mafuta. Tumepiga deki tangu alfajiri, imekataa kutoka.

Mashine uliyoipita hapo mlangoni ndiyo iliyotukusanya leo. Ni milingi ya kusimama, yaani mashine ya kuchonga chuma: kikatio chake kimening'inia wima kama keekee, na chuma hufungwa kwenye meza inayokwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini. Mtindo wake ni ule ulioanza kuuzwa mwaka 1938 huko Bridgeport, Marekani. Yetu ni mtumba. Ilifika Mokowe, upande wa bara, juu ya lori, uzito wake karibu tani moja, na hapo ndipo tulipokumbuka kwamba tunaishi kisiwani. Tuliing'oa kichwa, tukaitoa meza, tukavusha vipande kwa mashua safari tatu, kila safari tukingoja maji yajae. Kiwiliwili kilipanda gatini kikiviringishwa juu ya boriti za mikoko, watu kumi na wanne wakivuta kamba. Punda aliletwa, akaitazama, akageuka.

Tulijitesa hivyo kwa ajili ya kii. Boti yenye injini ya ndani ina shafti inayozungusha rafadha, na kinachozishika pamoja ni kipande kidogo cha chuma, nusu yake imelala ndani ya mfereji wa shafti, nusu ndani ya kitovu cha rafadha. Shafti ya milimita 40 hutaka kii ya upana wa milimita 12, na mfereji wenye kina cha milimita 5. Miaka yote tumeuchonga mfereji huo kwa patasi na tupa. Hata fundi awe na mkono mzuri vipi, kuta zake hazitoki sawa; kii huanza kucheza, hugonga kila gea inapobadilishwa, mwisho hukatika. Manahodha mlio hapa mnajua yanayofuata: injini inanguruma, boti haiendi, na mwamba uko pale. Aliyetaka kazi safi alipeleka shafti Mombasa kwa basi, naye akakaa nchi kavu akingoja.

Sasa tunaukata hapa hapa. Kwa chuma cha kawaida, kikatio cha milimita 12 tunakizungusha kama mara 660 kwa dakika. Mkono wa meza ukiuzungusha mara moja, meza husogea milimita 5, na kila alama kwenye duara lake ni milimita 0.02, wembamba kuliko unywele.

Tusijisifu sana. Siku ya kwanza tulivunja vikatio viwili. Tulisukuma shafti kufuata upande ambao meno ya kikatio yanazungukia, na kwa kuwa skrubu ya meza imelika, meno yalikidaka chuma yakaivuta meza kwa ghafla. Tak! Tangu hapo tunasukuma dhidi ya meno. Vikatio tulivyokuwa navyo siku hiyo vilikuwa hivyo viwili tu, kwani aliyetuuzia alituahidi sanduku zima la vifaa, na tulipolifungua tulikuta spana moja na magazeti.

Ndiyo maana, Mheshimiwa, hatukuombi mashine nyingine. La kwanza ni umeme wa fezi tatu. Mota inautaka, nasi tuna fezi moja. Tunakodi jenereta, na dizeli inakula malipo, hivyo kazi ndogo hulala hadi zifike tano. La pili ni vikatio, seti ya koleti za kushikia vikatio, na jiliwa iliyonyooka ya kubania chuma. La tatu, na hili vijana walishikilia liandikwe, ni mwalimu wa miezi mitatu, awafundishe kunyoosha kichwa cha mashine kwa saa ya kupimia, ile yenye mshale unaoonyesha hata mwinamo mdogo. Kikiinama kidogo tu, kila ukikatacho hutoka mshazari. Chumvi ya hewani tutapambana nayo wenyewe: kila magharibi meza hupakwa mafuta na kufunikwa kwa tanga kuukuu.

Shafti iliyofungwa mezani sasa hivi ni ya boti ya wavuvi, na mkato wa mwisho tumeubakisha makusudi. Jenereta itawashwa baada ya hotuba yako, na mkono wa meza ni wako. Tafadhali, dhidi ya meno.