Jaribio la kadi ya kumbukumbu, Jumamosi saa 3 asubuhi

Habari zenu wapendwa. Jumamosi tunajaribu programu yetu kwenye emuleta ya Android (programu inayoigiza simu ya Android ndani ya kompyuta), palepale ofisini. Kabla ya kuja:

1. Tengeneza kadi, yaani faili linaloigiza kadi ya kumbukumbu, kwa amri hii: mksdcard 512M kadi.img. Chini ya 9M inakataliwa.
2. Washa emuleta ("jaribio" ni jina la simu ya kuigiza): emulator -avd jaribio -sdcard kadi.img -no-snapshot-load. Hilo la mwisho msiliache, maana emuleta ikiamka na hali ya zamani, kadi mpya inaweza isionekane.
3. Hakiki kwamba kadi inaonekana: adb shell df, mtafute mstari wa /storage.

Kila mtu awe na faili lake la kadi. Emuleta mbili zikigombea faili moja, ya pili huwaka bila kadi, na mtu anahangaika na programu isiyo na kosa.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Ijumaa saa 12 jioni, mkitaja toleo la Android mtakalotumia. Asanteni sana.