Wasanii wa kampeni tunao kibao, maono ndo hamna

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi niseme hili la viongozi wetu na sanaa, maana kila uchaguzi ukikaribia naona wasanii wanapandishwa majukwaani, wanavalishwa fulana na kofia, wanaimba jina la mgombea mpaka sauti inakauka, kura zikishahesabiwa basi, mpaka kampeni nyingine.

Na viongozi hao ndo tunaambiwa wana maono. Ya miaka mingapi? Desemba 1962 nchi ndo kwanza imekuwa jamhuri, shule hazitoshi, hospitali hazitoshi, Mwalimu Nyerere akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Ukiangalia haraka haraka unaweza kuona ni anasa, ila fuatilia kilichokuja baadae. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi NUTA kikawa na bendi yake, Polisi nao, JKT, Magereza, Umoja wa Vijana, mpaka kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Jazz yake! Mpiga gitaa ana mshahara, vyombo vipo, Radio Tanzania wanarekodi, kwa hiyo mtu anakaa anafanya mazoezi badala ya kuwaza nauli na kodi ya chumba. Mi siamini kabisa kwamba wale wazee walikuwa na vipaji kuliko vijana wa sasa, walikuwa na muda tu, na muda huo kuna aliyeulipia.

Sio kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Vyombo vilikuwa vya shirika, ukiacha kazi unaondoka mikono mitupu, nyimbo zinabaki maktaba ya redio na aliyetunga anazeeka hana kitu, halafu nyimbo za kusifia chama zilizidi (hili nalo hatujaliacha, tumebadili mdundo tu). Mashirika yalipoyumba bendi nyingi zikaenda nayo. Lakini ile ya NUTA ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ndo hii Msondo Ngoma mnayoijua, na chuo cha sanaa Bagamoyo kilichoanza 1981 mpaka leo kinafundisha, siku hizi kinaitwa TaSUBa.

Wasanii nao wasijifiche nyuma ya wanasiasa. Hela ya kampeni ikiingia gari kwanza, vyombo baadae, na hiyo baadae wengi haifiki.

Mimi naandika kutoka Morogoro, mji wa bendi za Morogoro Jazz na Cuban Marimba, mji huu huu ambao mzazi akiniuliza mwanae akajifunze wapi gitaa sina pa kumuelekeza. Halmashauri zina maafisa utamaduni, wapo ofisini na wanalipwa, ila mtu wa hivyo bila fungu atafanya nini zaidi ya kuandaa ngoma za kupokea wageni? Mgombea akija safari hii na msanii wake mi nitamuuliza hilo fungu tu, wilaya itanunua magitaa mangapi na mwalimu atalipwa na nani.

Msomaji wako,
Morogoro