Sio Spitfire, ni Defiant

Mhariri, salaam. Makala yenu kuhusu ile Dornier 17, ndege ya mabomu ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Pili, iliyotolewa baharini kule Kent, Uingereza, nimeisoma mara mbili na nawashukuru sana, maana habari za namna hii kwetu hazipatikani kirahisi, ila mmeandika ilitunguliwa na Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza, na hapo nikashindwa kunyamaza. Zilizoiangusha ni Defiant, ndege nyingine za kivita za Waingereza, za skwadroni (kikosi cha ndege) ya 264, tarehe 26 Agosti 1940, wakati Wajerumani wanakwenda kupiga viwanja vya ndege vya Uingereza.

Defiant ilikuwa ndege ya watu wawili. Rubani mbele hana hata bunduki moja ya kupiga mbele, rashasha zote 4 ziko nyuma yake kwenye kibanda kinachozunguka na humo ndani kabanwa mpiga bunduki. Yaani kazi ya rubani ni kumpeleka mwenzake ubavuni au chini ya tumbo la adui, akae naye sambamba bila kuyumba, halafu yule wa nyuma ndo apige. Fikiria uko vitani na aliyeko mbele yako huwezi kumjibu, unategemea mtu ambaye hata uso wake huuoni.

Mei 1940 pale Dunkirk, Ufaransa, Defiant iliwafaa Waingereza kwa sababu Wajerumani waliifananisha na Hurricane, ndege nyingine ya Waingereza, wakaijia kwa nyuma, kumbe ndo kwenye bunduki. Baada ya hapo wakaisoma. Tarehe 19 Julai skwadroni ya 141 ilirusha Defiant 9 juu ya bahari karibu na Folkestone, pwani ya Kent, Messerschmitt za Wajerumani zikazivamia na zilizoanguka zikawa nyingi kuliko zilizorudi, na ndege ikishaanza kuporomoka, mpiga bunduki kutoka kwenye kile kibanda ni kazi ngumu mno, vijana wengi walienda nazo chini. Sasa wale wa 264 walikuwa wanayajua hayo yote na bado mwezi Agosti wakapanda. Siku hiyo ya Dornier nao walipoteza ndege zao. Ndo maana inaniuma sifa yao ikipewa Spitfire, ambayo kila mtu anaijua tayari.

Kitu kingine, ndani ya Dornier kulikuwa na watu 4. Wawili walikufa, wawili wakatekwa. Makala imetaja urefu wa mabawa na uzito wa mabomu lakini hao watu hakuna hata sentensi moja, na wao pia walikuwa watoto wa watu.

Mwandishi wenu pia kauliza kwa nini walihangaika kuipeleka Cosford, kwenye makumbusho ya ndege huko Uingereza, kuimwagia dawa badala ya kuionyesha watu moja kwa moja. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Tanga, hilo nalijua kwa mikono yangu. Alumini iliyokaa kwenye maji ya chumvi ukiitoa ukaiacha tu juani inageuka unga mweupe unaiona hivihivi, chumvi iliyomo ndani ikikutana na hewa ndo inakula kwa kasi. Ile ndege ililala kichwa chini kwenye mchanga wa Goodwin Sands, fungu la mchanga baharini karibu na Kent, zaidi ya miaka 70, wakaiinua tarehe 10 Juni 2013, wangeiacha hivyo wangebaki na vipande. Wakawa wanainyunyizia asidi ya limau iliyopunguzwa makali, tena kwa muda mrefu, kuisafisha pole pole.

Zilitengenezwa Defiant zaidi ya 1,000 na iliyobaki nzima ni moja tu, iko kwenye makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza, haohao wenye hiyo Dornier. Naomba mkichapa masahihisho mtafute picha yake muiweke, na iwe ile inayoonyesha kibanda cha nyuma vizuri.

Msomaji wenu, Tanga