Umefungua taa, umekuta nyaya sita: soma hapa kabla hujaunganisha

Simu nyingi tunazopokea sisi mafundi umeme kuhusu taa zinafanana. Mteja amenunua taa mpya, ameteremsha ya zamani kwenye dari akitegemea kukuta nyaya mbili, akakuta sita: tatu nyekundu, tatu nyeusi. Akafanya kinachoonekana cha busara, nyekundu zote pamoja, nyeusi zote pamoja. Umeme uliporudi, taa ikawaka swichi ikiwa imezimwa. Alipobonyeza swichi, breka ikaruka.

Hiyo taa mpya ni nzima. Nyaya sita maana yake ni kebo tatu zimekutana hapo. Moja inaleta umeme, ya pili inaupeleka kwenye taa inayofuata, ya tatu inashuka kwenye swichi. Kebo ya swichi ndiyo yenye mtego, kwa sababu haina nyutro (waya unaorudisha umeme kwenye chanzo) ndani yake. Waya wake mwekundu unapeleka moto (umeme unaoingia) chini, na mweusi unaurudisha juu swichi inapowashwa, tayari kwa kuingia kwenye taa. Kwa hiyo huo mweusi ni waya wa moto uliovaa rangi ya nyutro. Ukiufunga pamoja na nyutro, unapowasha swichi unakutanisha moto na nyutro moja kwa moja, na hiyo ni shoti. Fundi makini huuzungushia tepu nyekundu au ya kahawia kwenye ncha ili atakayekuja baadaye aelewe. Wengi hawafanyi hivyo, na tepu ya zamani hubanduka.

Rangi zenyewe nazo zimebadilika. Katika mfumo wa zamani wa Uingereza, ulioenea nchi nyingi, moto ulikuwa mwekundu, nyutro nyeusi, ethi (waya wa usalama unaoelekea ardhini) kijani. Uingereza ilianza kuruhusu rangi mpya mwaka 2004, na kuanzia Aprili 2006 kazi mpya zote zikatakiwa kuzifuata: kahawia kwa moto, buluu kwa nyutro, kijani chenye mstari wa njano kwa ethi. Nyumba iliyoongezwa vyumba kwa awamu inaweza kuwa na mifumo yote miwili kwenye boksi moja. Tena angalia huyu mweusi: zamani nyutro, lakini kwenye umeme wa fezi tatu (unaokuja kwa nyaya tatu za moto) wa rangi mpya ni mojawapo ya fezi. Marekani nako nyeusi ni moto na nyeupe ndiyo nyutro, kwa hiyo video ya fundi wa huko, hata awe hodari kiasi gani, inaweza kukuelekeza kinyume kabisa.

Wengine hukimbilia testa, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka ikigusa moto. Testa ni kifaa kizuri kinachoaminiwa kupita kiasi. Mfano tunaokutana nao sana: soketi imekufa, mteja anaingiza testa, inawaka kwenye matundu yote mawili, anahitimisha kuwa soketi ina moto mbili. Mara nyingi nyutro imekatika mahali fulani huko nyuma. Moto unapita ndani ya kifaa kilichoachwa kimewashwa, unatokea upande wa pili, na kwa kuwa hauna njia ya kurudi, unasimama kwenye waya wa nyutro ukimsubiri mtu. Ukipima matundu hayo mawili kwa maltimita (kifaa cha kupima volti) unaweza kupata karibu sifuri, kwa sababu pande zote mbili zina moto uleule. Sifuri ya namna hiyo haimaanishi kuwa ni salama kugusa, ndiyo maana sisi tunapima pia kila tundu dhidi ya ethi. Testa isiyowaka nayo ijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, kisha irudishe hapohapo baada ya kupima. Huenda imekufa.

Swichi za ngazi, zile mbili za taa moja, tutazigusia tu: nyuma zina skrubu tatu, na ile ya pamoja, mara nyingi imeandikwa COM, haibadilishani nafasi na wenzake. Ukiichanganya, taa itakubali swichi moja pale tu nyingine inapokuwa upande fulani.

Kama kazi ni ya kubadilisha taa au swichi tu, na sheria za unapoishi zinakuruhusu, zima meni swichi (swichi kuu ya nyumba), maana kuzima swichi ya ukutani kunaacha moto darini. Pima. Piga picha kabla ya kulegeza skrubu hata moja, na zifunge tepu zile zilizokuwa skrubu moja, hata kama rangi zao hazifanani. Paneli ya breka tuachie sisi. Nyaya zinazoingia kwenye meni swichi hubaki na moto hata ukiizima.

Na kama umeshazifungua zote bila picha, usijaribu mpangilio mmoja baada ya mwingine ukitegemea breka ikuokoe. Acha meni swichi imezimwa, tenganisha ncha, kila moja ifunikwe kwa konekta au tepu ya umeme. Tukifika tutazifuatilia kebo kwa maltimita umeme ukiwa umezimwa, tutaziandika majina, na mchoro tutakuachia. Unapopiga simu tuambie taa hiyo ilikuwa inawashwa na swichi ngapi, na ni taa zipi nyingine zilizozimika ulipoifungua.