Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jaji Florence Allen na Kura Zetu za Majaji wa Ohio

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya umoja wetu, ninawasilisha mbele ya mkutano mkuu taarifa ya mwaka unaomalizika. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na mambo ya misiba na michango yamo katika taarifa ya katibu. Mimi nitazungumzia kazi moja tu, ile ya kamati ya elimu ya uraia, kwa kuwa ndiyo iliyochukua jioni zetu nyingi mwaka huu na ndiyo iliyozusha mabishano makali kuliko nyingine zote.

Mabishano yalianzia kwenye karatasi ya kura ya mfano. Kamati iliitandaza mezani mbele ya wanachama waliopata uraia hivi karibuni, na baada ya nafasi za kisiasa ambazo kila mtu anazifahamu, ikafuata orodha ndefu ya majaji: wa Mahakama ya Juu ya jimbo, wa mahakama za rufani, na wa Mahakama ya Common Pleas, yaani mahakama ya kaunti inayosikiliza kesi kubwa kwa mara ya kwanza, ya kaunti yetu ya Cuyahoga ulimo mji wa Cleveland, ambayo peke yake ina viti vingi kiasi cha kumchosha msomaji. Sisi tuliotoka Tanzania tumezoea majaji kuteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na wenzetu wa Kenya wameshuhudia, tangu Katiba ya 2010, wanaoomba ujaji wakisailiwa hadharani. Hapa katika jimbo la Ohio, Marekani, tangu katiba ya jimbo ya 1851, jaji huomba kura kwa wananchi, na akizipata hukaa miaka sita kabla ya kurudi tena kuziomba. Mzee wetu mmoja kutoka Kongo aliuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu papo hapo: ikiwa jaji aliniomba kura nami nikampa, siku nikisimama mbele yake nikiwa na kesi na mtu aliyemnyima, huyo mwenzangu atamwamini vipi?

Badala ya kujibu kwa nadharia, kamati iliamua kufuatilia maisha ya jaji mmoja aliyechaguliwa papa hapa tunapoishi, ambaye habari zake zimeandikwa vya kutosha. Ikamchagua Florence Allen. Alizaliwa mwaka 1884 huko Salt Lake City, na baba yake ndiye aliyekuwa mbunge wa kwanza wa jimbo la Utah katika Bunge la Marekani. Masomo ndiyo yaliyomleta Cleveland. Alitaka kuwa mpiga piano, akaenda Berlin kusomea muziki, lakini mishipa ya fahamu ya mkono ikaumia na ndoto hiyo ikaishia hapo; aliporudi alifanya kazi ya kuandika uchambuzi wa muziki katika gazeti la Plain Dealer. Alipogeukia sheria, kitivo cha sheria cha chuo alichosoma Cleveland hakikuwa kikipokea wanawake, kwa hiyo alisoma mwaka mmoja Chicago, akamalizia Chuo Kikuu cha New York mwaka 1913, na mwaka uliofuata akakubaliwa kuwa wakili Ohio.

Naomba wanachama waiangalie kwa makini miaka inayofuata, kwa kuwa kwa maoni yangu ujaji wake ulijengwa hapo, kabla hajafikiria kugombea chochote. Hakuwa na wateja wakubwa. Alijitolea katika huduma ya msaada wa kisheria kwa maskini wa Cleveland, na alizunguka kaunti za Ohio akihutubia kwa ajili ya haki ya wanawake kupiga kura, haki ambayo wapiga kura wanaume wa jimbo hili waliikataa mwaka 1912 na kuikataa tena mwaka 1914. Mwaka 1916 mji wa East Cleveland uliandika katika hati yake ya uendeshaji kwamba wanawake wangepiga kura katika chaguzi za mji huo, jambo hilo likapingwa mahakamani, na ni Allen aliyesimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Ohio kulitetea. Mwaka 1917 mahakama ilikubaliana naye. Miaka sita baadaye aliingia katika mahakama hiyohiyo akiwa mmoja wa majaji wake.

Mwaka 1919 aliteuliwa kuwa mwendesha mashtaka msaidizi wa kaunti ya Cuyahoga. Agosti 1920 mabadiliko ya katiba ya nchi yalizuia mtu kunyimwa kura kwa sababu ya jinsia, na wakati huo mchujo wa vyama ulikuwa umekwisha kupita, kwa hiyo hakuna chama ambacho kingemsimamisha hata kama kingetaka. Wanawake waliokuwa naye katika kampeni za kudai kura walichukua fomu, wakakusanya sahihi haraka, na jina lake likaingia kwenye karatasi kama mgombea asiye na chama. Novemba mwaka huohuo alichaguliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Common Pleas, akawa mwanamke wa kwanza nchini Marekani kuchaguliwa katika mahakama ya ngazi hiyo. Kwa hiyo wanawake wengi wa kaunti hii, mara ya kwanza kabisa waliposhika kalamu ya kura, walimchagua jaji.

Alipoingia mahakamani, majaji wenzake walitaka akabidhiwe kesi za talaka, kwa hoja kwamba mambo ya nyumbani yanamfaa mwanamke. Alikataa. Aliwakumbusha kuwa yeye hajawahi kuolewa, ilhali wao ni watu wenye ndoa, kwa hiyo wao ndio wanaozijua shughuli hizo. Akaendelea kusikiliza kesi za kila aina kama wengine. Katika kikao chetu kisa hiki kiliwachekesha watu, lakini baadhi ya akina mama walikichukulia kwa uzito zaidi, wakieleza jinsi wao wenyewe wanavyogawiwa kazi makazini.

Kesi mbili za mwaka 1921 ndizo zilizotusaidia kulirudia swali la mzee wetu. Ya kwanza ilimhusu William McGannon, jaji mkuu wa mahakama ya manispaa ya Cleveland, ambaye alikuwa ameshtakiwa kwa mauaji akaachiwa, kisha akashtakiwa kwa kutoa ushahidi wa uongo. Kesi hiyo ya pili ilisikilizwa na Allen. McGannon akatiwa hatiani, na Allen akampa kifungo. Hebu fikirini hali yenyewe: jaji mpya, aliyepata kiti kwa kura za mji huu, anamhukumu jaji mkuu aliyekuwa na marafiki tele katika siasa za mji huohuo. Sakata hilo liliutikisa mji kiasi kwamba ukafanyika uchunguzi mkubwa wa haki jinai hapa Cleveland, ukiongozwa na maprofesa wa sheria Roscoe Pound na Felix Frankfurter. Kesi ya pili ilikuwa ya Frank Motto, mmoja wa watu walioshambulia gari lililobeba mishahara ya kiwanda siku ya mwisho ya mwaka 1920 na kumuua mwenye kiwanda pamoja na msimamizi wake. Juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, ilimtia hatiani bila kupendekeza huruma, na kwa sheria ya wakati huo adhabu ilikuwa kifo. Allen aliitamka. Wapo wanachama waliosema kwamba hukumu hiyo ilimpa sifa mitaani, na kwamba jaji anayesubiri kura anaweza kuuona ukali kuwa mtaji. Sikubaliani nao kuhusu kesi ile, maana sheria haikumwachia nafasi ya kuchagua, lakini hofu yenyewe ni ya haki, na ipo hadi leo katika kila jimbo linalochagua majaji.

Mwaka 1922 aligombea Mahakama ya Juu ya Ohio, tena bila chama. Mtandao wa kudai kura ulifufuliwa katika kaunti mbalimbali kwa jina la vilabu vya Florence Allen, wanachama wake wakipita nyumba kwa nyumba na kuandikia magazeti ya miji midogo, na akashinda, akiwa mwanamke wa kwanza kukaa katika mahakama ya juu ya jimbo lolote la Marekani. Mwaka 1928 alirudi kwa wananchi, nao wakamrudisha kwa tofauti kubwa zaidi ya ile ya mwanzo. Katika zama hizo, katiba ya Ohio, kwa mabadiliko ya 1912, ilitaka kwa kawaida majaji sita kati ya saba wakubaliane kabla ya kuitangaza sheria kuwa kinyume cha katiba, kwa hiyo majaji wawili tu walitosha kuinusuru.

Kuna jambo katika maisha yake ambalo mimi binafsi sikulipenda, na nililisema kwenye kikao. Mwaka 1926, akiwa bado jaji, aligombea Seneti ya Marekani kwa tiketi ya chama cha Democratic, akashindwa katika mchujo na Atlee Pomerene. Mwaka 1932 akagombea Baraza la Wawakilishi, akashindwa tena. Mtu hawezi kuzunguka akiahidi sera za chama Jumamosi kisha Jumatatu akakaa kusikiliza shauri la serikali. Leo kanuni za maadili ya majaji wa Ohio zinamtaka jaji ajiuzulu pindi anapokuwa mgombea wa nafasi isiyo ya kimahakama, na nadhani kanuni hiyo ni sahihi. Wenzangu kadhaa walinipinga, wakisema kwamba mwanamke wa wakati ule asingeachia kiti alichokipata kwa jasho ili akabahatishe kingine. Mabishano hayo hatukuyamaliza.

Mwaka 1934 Rais Roosevelt alimteua katika mahakama ya rufani ya shirikisho ya eneo la sita, ambako majaji hawachaguliwi kwa kura, na habari za kura zikaishia hapo. Alikaa huko hadi alipostaafu mwaka 1959, na kwa muda mfupi alikuwa jaji mkuu wake. Alifariki mwaka 1966.

Tukirudi kwa mzee wetu, jibu ambalo kamati ilimpa ni kwamba jaji wa kuchaguliwa hupimwa kwa kazi aliyoifanya mahali anapojulikana kabla ya kuomba kura, na kwa namna anavyowahukumu wenye nguvu baada ya kuipata. Mzee alisema jibu hilo limemtosha nusu. Nusu iliyobaki inatuhusu sisi wapiga kura, kwa sababu wanachama wengi walikiri kwamba wakifika sehemu ya majaji huiacha wazi, au huchagua jina wanaloweza kulitamka. Tangu uchaguzi wa 2022, wagombea wa Mahakama ya Juu na wa mahakama za rufani huandikwa pamoja na vyama vyao katika uchaguzi mkuu, lakini wale wa Common Pleas hawaandikwi hivyo, kwa hiyo asiyesoma habari zao hana pa kushika. Vyama vya mawakili vya kaunti huwasaili wagombea na kuchapisha tathmini zao; kamati ilizisoma pamoja na wanachama kwa Kiswahili, jina kwa jina, na ilibainika kuwa wagombea wachache waliwahi kufanya kazi katika mitaa tunayoishi.

Kamati inaomba mkutano huu uidhinishe mambo mawili. Kwanza, vikao vya kusoma tathmini za majaji vianze kabla ya kufungwa kwa uandikishaji, ambao Ohio hufungwa siku thelathini kabla ya uchaguzi, ili anayegundua kwamba hajaandikishwa awe bado na muda. Pili, wagombea wote wa Common Pleas waalikwe kwa barua moja yenye maneno yaleyale, na asiwepo atakayepewa ukumbi wetu peke yake wala kuchangiwa kutoka mfuko wa umoja. Rasimu ya barua imeambatishwa, na marekebisho yapokelewe na katibu kabla ya ajenda ya uchaguzi wa viongozi.