Aliyebaki nyumbani naye aulizwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo kuhusu hili la watoto wa matajiri kukataa kazi za wazazi wao, maana kila likizuka watu wanagawanyika pande mbili tu, wengine wanasema mtoto ana haki ya kuishi anavyotaka, wengine wanasema huyo hana shukrani, kasomeshwa na pesa ya kampuni hiyo hiyo anayoikimbia, alafu yule aliyebaki hakuna anayemkumbuka.

Mi ndo niliyebaki. Kaka yangu ndo aliyekuwa anaandaliwa tangu mdogo, anakaa ofisini na baba, anapelekwa vikaoni, mi nilisomea ualimu na hakuna aliyenisumbua. Siku kaka aliposema anataka kuchora picha na ofisini harudi tena, baba hakugomba, alinyamaza, usiku tukiwa mezani akatoa zile funguo zake ambazo hata mama alikuwa hazigusi akazisukuma taratibu mpaka kwenye sahani yangu, akaendelea kula. Mama akaangalia pembeni. Nikazichukua, na huu mwaka wa tisa sijashika chaki.

Simlaumu kaka kwa kipaji chake, nasema tu mzigo ukitupwa chini kuna mtu anaokota. Watu wanapenda kumtaja mfalme Edward wa Nane wa Uingereza aliyeachia kiti Desemba 1936 ili amuoe Wallis Simpson, mwanamke wa Kimarekani aliyewahi kuachika, wanasema angalia mapenzi hayo, ila mi namfikiria mdogo wake, mtu wa aibu, mwenye kigugumizi, hakuandaliwa kabisa, ghafla yeye ndo George wa Sita na vita ya 1939 ikamkuta hapo hapo. Na binti yake Elizabeth akiwa na miaka 10 tu akawa ndo anayefuata, akaja kukalia kiti hicho miaka 70. Nani aliwauliza hao?

Wazazi wenye mali, kumiliki na kuendesha ni vitu viwili tofauti! Mtoto anaweza kuwa na hisa zake na ofisini akakaa meneja wa kuajiriwa anayeijua kazi, biashara haifi kwa hilo, inakufa zaidi ukimkalisha pale mtu ambaye moyo wake haupo. Waiteni watoto wote mkiwa bado na nguvu, muwaulize mmoja mmoja, na msichukulie kwamba mpole ndo amekubali. Na nyie mnaoondoka nendeni kwa amani, ila kwanza kaeni na wadogo zenu mjue mnamwachia nani.

Juzi kaka kapiga simu, katika maongezi akasema bora wewe biashara unaipenda. Nikamwambia kaka, hilo hujawahi kuniuliza hata siku moja. Alikaa kimya muda mrefu, akasema nisamehe. Sasa tumekubaliana twende kwa baba wote wawili tumuombe aajiri meneja, maana nikienda peke yangu najua nitarudi na funguo zile zile.

Mtoto wa pili